Kumsubiri Bwana Harusi Chini ya Farasi wa Mfalme

Mke wangu alimchagua mfalme kwa kidole chake mwenyewe. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu picha za sanamu zote za wapanda farasi nilizoweza kuzipiga katika mji huu wa Brussels, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeuza vitambaa. Yule wa mji wa juu aliyeinua bendera alimsukuma kando. Mwingine, mwembamba, hakumtazama hata kidogo. Alipofika kwa mfalme mwenye ndevu ndefu, aliyekaa wima juu ya farasi mnene pale karibu na kasri, aliweka kidole juu ya kioo akakiacha hapo.

"Ndiye," alisema kwa Kirusi. "Nipelekeni kwake. Mume wangu ananisubiri pale."

Mume wake ni mimi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake, hospitalini huko Woluwe, simu ikiwa mkononi mwangu.

Nieleze tulivyofika hapo. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waswahili, ambako ukitoka nyumbani asubuhi unajua kwa harufu nani anakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nani amelala bila kula. Nilimaliza sekondari nikaondoka. Watu wengi wa rika langu waliondoka kwa sababu ya vita, nami sababu hiyo ninayo, lakini hata bila vita ningeondoka. Miguu yangu haijui kukaa. Nilikwenda Dubai kupakia mizigo ya watu, na mizigo hiyo ikanipeleka mpaka Almaty, Kazakhstan, kwenye soko kubwa linalouza kila kitu kinachoshonwa duniani. Huko nilimkuta msichana aliyeuza mapazia. Alinicheka kwa kuvaa makoti mawili. Mwaka haujaisha, tukaoana.

Siku ya harusi yetu, baada ya nikaha msikitini na saini kwa serikali, niliona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea. Gari halikwenda kwenye karamu. Lilikwenda kwenye sanamu. Kwao bibi harusi na bwana harusi hupeleka maua kwenye mnara wa mtu aliyewahi kupigania nchi, ndipo wakale. Familia yake ilikuwa na mtu wao: mpanda farasi wa shaba aliyesimama katikati ya jiji, mwanamapinduzi aliyeinuka pamoja na watu wa nyika dhidi ya amri ya Mfalme wa Urusi ya kuwakokota wanaume wao wakachimbe mahandaki ya vita isiyo yao. Baadaye alikwenda upande wa wekundu, Wabolsheviki, akauawa. Babu wa mama yake mke wangu alikuwa amepanda farasi nyuma ya mtu huyo, au ndivyo walivyokuwa wakisema mezani.

Mimi nilichelewa kufika pale. Gari la rafiki zangu lilipotea njia, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwelekeza dereva. Mke wangu alisimama chini ya farasi, gauni jeupe, milima yenye theluji nyuma yake, ndugu zake wote wakinong'ona kwamba Mwafrika amekimbia. Nilipofika ninahema, aliniambia tu nishike maua. Alinifundisha palepale kuyahesabu. Wafu hupewa shufwa, walio hai hupewa witiri. Niliposema kwamba hata sisi tuna sala ya witiri, alifurahi kana kwamba nimempa mahari ya pili.

Hilo lilikuwa zamani. Baada ya Almaty nilimburuta Istanbul, na baada ya Istanbul tukaja hapa, kwa kuwa hapa kulikuwa na watu wa kwetu na kazi ya kuendesha gari la kupeleka mikate alfajiri. Hatukujaliwa mtoto. Alijifunza Kifaransa darasani na Kiswahili sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Buyenzi kabisa, mpaka watu wa Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa Brussels, walimwita mzungu wa Bujumbura, ingawa yeye alisema kila mara kwamba si mzungu.

Kisha ukaja uvimbe kwenye ubongo. Kilianza kuondoka Kiswahili. Asubuhi moja nilimwamkia akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni anayejaribu. Baada ya wiki chache Kifaransa nacho kikaenda, na wauguzi wakaanza kuongea naye kwa mikono. Kikabaki Kirusi, na chini ya Kirusi Kikazakhi cha utotoni, ambacho mimi najua maneno ya chai, mkate na usingizi tu. Pamoja na lugha ikaenda miaka. Istanbul ikafutika, Brussels ikafutika, na mke wangu akafika kwenye siku ya harusi yetu, akakwama humo.

Kila siku ilikuwa siku ya harusi. Kila siku alikuwa amevaa, yuko tayari, na bwana harusi hajafika. Niliposema ni mimi, alitabasamu kwa adabu. Nikamletea picha yetu ya siku ile nikaiweka karibu na uso wangu. Aliitazama picha, akanitazama mimi, kitambi changu, mvi zangu, na uso wake ukafunguka.

"Mnafanana sana," alisema. "Wewe ni baba yake. Umefika kutoka Afrika."

Akajifunika nywele kwa shuka, akainamisha kichwa mara tatu.

Ndivyo nilivyokuwa baba mkwe wa mke wangu. Ningeweza kucheka, na siku ya kwanza nilicheka. Lakini kwao mke wa mwana ana adabu zake mbele ya baba wa mumewe. Hamtaji jina, hamwangalii machoni, wala hawezi kulishwa naye uji au kushikwa naye mkono. Kabla ya hapo, hata aliponisahau, aliniacha nimlishe kama mhudumu yeyote. Sasa nikisogeza kijiko aligeuza uso kwa aibu. Nikigusa vidole vyake aliviondoa polepole ili nisiudhike. Ilibidi muuguzi amlishe, nami nisimame kwenye korido karibu na mashine ya kahawa.

Daktari wake, mwanamke kijana anayeongea taratibu, alinikuta hapo. Aliniambia kwamba uvimbe unasukuma sehemu ya maneno, na kwamba muda si mrefu hatakuwa na lugha yoyote. Akasema, kama kuna jambo ningependa tuongee, tuongee sasa. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba sina la kusema. Nilitaka kitu kimoja tu, anijue. Hata kwa dakika, hata anitukane. Nife nikijua kwamba nilimuaga mke wangu na yeye akaniaga mimi, si baba yangu, ambaye alikufa kabla sijaota ndevu na hakupata hata kusikia jina la Almaty.

Kwa hiyo alipoweka kidole juu ya mfalme, niliona mlango. Bwana harusi yuko chini ya farasi. Basi nimpeleke chini ya farasi, nami nitokee pale.

Tatizo ni farasi mwenyewe. Mfalme yule wa Wabelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake, hahitaji kuelezwa kwa mtu wa Kongo, wala kwetu Burundi, ambako Wabelgiji walikuja baadaye na viboko vilevile. Shaba yake, wanasema, ilitoka Kongo. Vijana wamewahi kummwagia rangi nyekundu, manispaa ikamsugua, na ukitazama vizuri kwenye mikunjo ya jiwe bado utaona wekundu. Mimi mwenyewe nikipita pale na gari la mikate huwa natazama upande wa pili. Na sasa nimpelekee maua, mchana, hatua chache kutoka Matonge, ambako kila mtu ananijua.

Nilijaribu kumbadilishia mke wangu mawazo. Nilimrudishia picha ya yule mwenye bendera. Alikasirika akasema nisimchezee, kwamba anamjua mtu wa babu yake. Mmoja aliinuka dhidi ya mfalme, mwingine ni mfalme mwenyewe, na mke wangu, ambaye kwao walimwita mwanamapinduzi yule kwa jina kama mjomba, hakuweza tena kuwatofautisha. Shaba ni shaba. Farasi ni farasi. Nilikaa kwenye basi siku hiyo nikapitiliza kituo changu mpaka mwisho wa njia.

Kuna maman mmoja, ndivyo tunavyowaita akina mama wa Kongo, mtu wa Bukavu, ana saluni kwenye kichochoro kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles. Ana umri wa kunizaa kwa shida, lakini ananiita mwana wake. Yeye ndiye aliyemnyoa mke wangu dawa zilipoanza kumpukutisha nywele, na alimnyoa huku akiimba ili asisikie mashine. Nilikwenda kwake nikamweleza yote. Alikuwa akimsuka mteja. Aliacha kitana kichwani mwa yule mteja kikining'inia.

"Ule?" aliuliza. "Mutu ya pale Trône, kwa kasri? Non. Umupeleke bibi yako kwa ngamia, kwa simba, kwa kila nyama. Lakini pas ule."

Nikamwambia ni yeye ndiye amemchagua. Akasema mgonjwa akichagua sumu, je, utamwekea kwenye kikombe? Akarudi kusuka kwa nguvu mpaka mteja akalalamika. Niligeuka niondoke. Nilikuwa mlangoni aliponiuliza ni siku gani.

"Jumapili."

"Bon. Nitakuja juu ya kumupenda bibi yako. Lakini ule muzee nitamupa mugongo. Tangu mwanzo mpaka mwisho, mugongo."

Jumapili hospitali ilitupa ruhusa ya alasiri. Nilianza sokoni Flagey, nikanunua fungu la maua mekundu yale wanayoyaita œillets, ambayo kwao mke wangu ndiyo maua ya minara. Soko lilikuwa linafungwa, muuzaji akaniongezea moja bure, nami sikufikiria kitu. Kisha nikapita saluni. Nilikuwa nimevaa suti, tumbo nimelibana, ndevu nimenyoa. Maman alinitazama kichwani akanivuta kwenye kiti bila kuniuliza, akanipaka rangi nyeusi ya nywele. Vinyozi wa duka la jirani walikuja kusimama mlangoni.

"Tonton, unaoa tena?" mmoja aliuliza. "Na bibi mugonjwa? Huna haya?"

"Ninamwoa yuleyule," nilisema.

Walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Teksi ya viti vya magurudumu ilimleta mke wangu mpaka Porte de Namur, karibu na saluni. Maman alimfunga kitambaa cheupe kichwani, akampaka rangi kidogo ya midomo, na mke wangu akauachia uso wake kama mtu aliyezoea kupambwa. Alipofika kwangu aliinamisha macho. Nywele nyeusi hazikumwambia lolote. Alisalimu kwa sauti ya chini, akamsalimu baba wa mumewe.

Tulimsukuma kwenye barabara kubwa, mimi na maman, manyunyu yakianza. Mfalme yuko juu sana. Ukimkaribia na kiti cha magurudumu unaona kwanza jiwe, kisha tumbo la farasi, na uso wake huuoni kabisa kwa sababu ya ndevu. Mke wangu aliinua kichwa. Nilingoja aseme si huyu. Kusema kweli nilitamani aseme hivyo. Lakini alivuta pumzi ndefu, mabega yake yakashuka, kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari mbaya.

Maman alishika mikono ya kiti, akageuka, akampa mfalme mgongo, akatazama magari. Alisimama hivyo muda wote. Mvua ilimlowesha wigi wala hakuligusa.

Nilimpa mke wangu maua. Aliyaweka mapajani akayahesabu kwa kidole, kwa Kikazakhi, polepole. Kisha akatoa moja akalitenga. Mengine akaninyooshea, akihakikisha vidole vyetu havigusani.

"Yawe shufwa," alisema. "Yeye amekufa. Tafadhali, baba, mwekee. Mimi siwezi kuinama."

Nikaenda nikayaweka. Nilipiga goti mbele ya mtu yule, mimi mtoto wa Buyenzi, suti ikilowa gotini, na ndipo niliposikia nyuma yangu mtu akisema kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha zamani cha wazungu wa Kongo, kila neno limesimama peke yake. Alikuwa mzee wa Kibelgiji, fimbo mkononi, mbwa mdogo miguuni. Alisema asante sana. Alisema ni vizuri sana, siku hizi watu wamesahau, hawana heshima. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Alinipa mkono.

Nilisimama nao ule mkono wake mkononi mwangu. Ningemweleza nini? Maman ndiye aliyemjibu, bila kugeuka, akiongea na magari.

"Papa, hatukumuletea ule mutu kitu. Tumeazima farasi yake tu."

Mzee alimtazama mgongo, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu na kitambaa chake cheupe. Sijui alielewa nini. Aliuachia mkono wangu, akagusa kofia yake, akamvuta mbwa wakaenda.

Hapo nikafanya nililokuja kulifanya. Nilizunguka nyuma ya sanamu. Huko nyuma kuna uzio na kitu cha kutupia takataka, na nilisimama hapo nikijipangusa. Rangi ya nywele ilikuwa imeanza kutiririka na mvua, leso yangu ikawa nyeusi. Nilifunga kifungo cha koti. Nilihema kwa makusudi, kama siku ile gari lilipopotea. Nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikatokea upande wa pili wa jiwe kwa mwendo wa haraka, mwendo wa kijana, nikiita jina lake la nyumbani, lile ambalo mimi peke yangu nilikuwa nikimwitia.

Aligeuka. Kwa kitambo, kirefu kuliko nilivyotarajia, alinitazama machoni. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Kisha akakumbuka adabu, akashusha macho.

"Hukumwona huko nyuma, baba?" aliuliza.

Maman hajui Kirusi, lakini nilimwona akiinamisha kichwa, mgongo bado kwa mfalme.

Nilisema nimemwona. Nilisema anakuja. Kulikuwa na baridi, na dereva wa teksi alikuwa ameanza kutuashiria kutoka ng'ambo ya barabara, lakini nilikaa kwenye ngazi ya jiwe, mbali kidogo na kiti, umbali anaokaa baba mkwe. Tukamsubiri. Magari yalipita, taa zikageuka nyekundu na kijani, na kila mwanaume aliyetokea kwenye mlango wa metro mke wangu alimwangalia, kisha akamwacha.

Baada ya muda akaanza kuongea, nusu kwangu, nusu kwa lile ua moja mikononi mwake. Alisema watu wa kwao wanamwambia kwamba mume wake amekimbia, lakini wao hawamjui. Alisema ni mtu wa kupotea njia. Anapotea hata katika mtaa anaoishi, kwa sababu miguu yake inataka kuona kona inayofuata. Alisema atampeleka mbali sana, hilo anajua, na huenda asiwaone tena ndugu zake. Ameshaamua. Alisema hayo yote bila huzuni. Mimi sikuwahi kuyasikia. Katika miaka yetu yote hakuniambia kwamba siku ile, kabla sijafika, alikuwa tayari ameyapima.

Nilitaka kumwuliza kama alijuta. Mkwe haulizwi hivyo, wala baba mkwe haulizi.

Kisha akaninyooshea ua. Safari hii hakujali vidole, au alichoka, na vidole vyake vilivyokuwa baridi vilikaa juu ya vyangu muda wa kuvuta pumzi.

"Hili ni la aliye hai," alisema. "Umshikie. Yule atakuja mikono mitupu, namjua. Na akifika, baba, nakuomba usimgombeze."

Maji meusi yalikuwa yakinishuka shingoni, ndani ya ukosi wa shati. Nililishika lile ua kwa mikono miwili.

"Sitamgombeza," nilisema.

Akaridhika. Akakunja mikono mapajani, akaendelea kutazama mlango wa metro, nami nikautazama pamoja naye, mpaka maman aliposema, bila kugeuka, kwamba mtoto wa watu anatetemeka na lazima tumrudishe.